Safari ya Siku Moja Mpaka Msikiti wa Mnara, Unguja

(Haya ni maneno ya somo lililosemwa redioni, yamechapwa kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani wa darasa la Kiloleli, mkoani Simiyu. Msomaji awe na kalamu na daftari karibu, maana katikati ya somo kuna hesabu.)

  

Leo nimeombwa nizungumze nanyi, ingawa mimi si mwalimu. Mimi ni mkulima wa pamba wa Kiloleli. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, katika darasa kama hilo lenu, nikikaa chumba kimoja na mkwe wangu. Na ninyi mnaozijua desturi zetu Wasukuma mnaelewa haya iliyokuwamo. Tangu siku hizo miaka kumi na mitatu imepita. Nitawaeleza safari moja niliyoifanya peke yangu, ya siku moja tu, kwenda kuutazama msikiti wa kale katika mji wenye watu wengi.

Kwanza mjue kwa nini nilitaka kwenda peke yangu. Mtu asiyejua kusoma husafiri kama gunia. Anapakiwa, anashushwa, anaambiwa kaa hapa, na anayempeleka akienda kununua maji, yeye moyo unamwenda mbio mpaka mwenzake arudi. Mimi nilisafiri hivyo muda mrefu. Nilikwenda Mwanza nikiongozwa na kaka yangu, nikaenda Dar es Salaam nikiongozwa na mwanangu. Hata nilipokwisha kujua kusoma, watu wa nyumbani waliendelea kunishika mkono kwa mazoea.

Sababu ya pili ni marehemu baba yangu. Kabla mimi sijazaliwa, baba alikwenda Unguja akafanya kazi ya ukuli bandarini. Kuli ni mtu anayepakia na kupakua shehena ya meli. Wakati ule watu wengi wa bara walivuka bahari kwenda huko, wengine kuchuma karafuu mashambani, wengine kubeba mizigo mjini. Mwaka 1948 makuli wa Unguja waligoma kwa sababu ya mishahara midogo na maisha ya ghali, na mgomo ule ukaenea mjini. Baba alifika miaka michache baadaye, akakuta watu bado wanausimulia.

Baba hakujua kusoma hata herufi moja. Alipolipwa mshahara alitia dole gumba. Sisi watoto tulimwuliza, ‘Baba, mji mkubwa kama ule, ulijuaje njia?’ Akasema karibu na bandari kuna msikiti wenye mnara mweupe wa mviringo, mpana chini na mwembamba juu. ‘Nikiuona ule,’ alisema, ‘najua kazini nimefika.’ Basi mnara ule ndio uliokuwa kibao chake.

Sasa safari yenyewe. Baada ya kuuza pamba nilikwenda Dar es Salaam kumtembelea binti yangu. Nilipomwambia nataka kuvuka kwenda Unguja asubuhi na kurudi jioni, akataka mumewe anisindikize. Nikakataa. Akasema, ‘Baba, utapotea.’ Nikamjibu, ‘Nikipotea, nitasoma.’ Jibu hili lilinifurahisha sana wakati ule. Mtaona lilivyonifikisha.

Bandarini Dar es Salaam alinijia kijana mmoja mwenye maneno matamu, akasema, ‘Mzee, nipe fedha nikukatie tiketi, foleni ni ndefu.’ Akataja bei. Nikainua macho nikasoma ubao wa nauli uliobandikwa ukutani, nikaona bei ya kijana imezidi. Sikugombana naye. Nilimwonyesha ubao kwa kidole, naye akaenda kumtafuta mtu mwingine. Nikapanga foleni, nikatoa kitambulisho changu, nikakata tiketi ya kwenda na kurudi.

Lakini tiketi nayo ilinipa shida. Kwenye kurudi palichapwa 16:00. Mimi saa kumi na sita siijui. Saa zetu zinaishia kumi na mbili, kisha zinaanza tena. Nikaona haya kuuliza, nikakaa nayo mkononi kama robo saa. Mwishowe nikamwuliza msichana aliyekaa karibu nami, naye akanifundisha bila kunicheka: saa za namna hii zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, lakini sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, na tofauti yake ni sita. Toa sita. Kumi na sita kutoa sita ni kumi. Boti inaondoka saa kumi alasiri. Andikeni jambo hili katika daftari zenu, maana tiketi za mabasi nazo siku hizi huchapwa hivyo. Ikiwa tarakimu ni ndogo kuliko sita, kama 05:00, ongezeni sita: ni saa kumi na moja alfajiri.

Tuling'oa nanga saa moja asubuhi. Boti za siku hizi zinakwenda upesi. Haikupita saa mbili na nusu, nasi tuliuona mji. Nilisimama ubavuni nikitafuta mnara wa baba. Niliona paa za mabati yenye kutu, kuta ndefu nyeupe, minara zaidi ya mmoja, na sikujua wa baba ni upi.

Bandari ya Unguja iko mahali panapoitwa Malindi, na msikiti ule uko Malindi hiyo hiyo, si mbali na lango la bandari. Mtu angeweza kufika kwa dakika chache. Mimi nilitumia zaidi ya saa mbili.

Ilikuwa hivi. Langoni palikuwa na madereva wa teksi, wabeba mizigo, watu wa hoteli, wageni na masanduku yao, wote wanasema kwa pamoja. Mmewahi kuona mnada wa ng'ombe siku ya mvua, wakati kila mtu anataka kuuza kabla njia haijaharibika? Basi ni hivyo. Nikaufuata mkondo wa watu ulikokwenda, nikajikuta niko Darajani, penye soko kubwa lililojengwa mwaka 1904. Pana samaki, kuku, viungo, nguo, simu, na watu wanapishana mabega. Pale nilisoma kila kibao: jina la duka, bei ya mchele, tangazo la fundi wa redio. Kusoma kote kule hakukuniambia msikiti uko wapi.

Neno Darajani linatokana na daraja. Zamani palikuwa na mkono wa bahari unaoutenga mji wa mawe na upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo, na mpaka leo unaitwa hivyo, ingawa maji yale yalikwisha kufukiwa na mtu hupita kwa miguu mikavu. Ng'ambo ndiko walikokaa makuli wengi na maskini wengi wa mji, kwa hiyo nadhani baba alilala huko.

Nikaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwaka 2000 mji huu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na aliyepita humo anajua sababu yake. Nyumba ni ndefu na zimekaribiana, njia nyingine ni nyembamba hata mtu aliyebeba kikapu kila mkono hana budi kupita ubavu. Zilijengwa hivyo ili watu wapate kivuli. Lakini kivuli hicho ndicho kilichonipoteza. Ukiwa chini huoni mbali. Unaona ukuta, mlango, na utepe mwembamba wa mbingu. Na misikiti mingi ya mji huo haina minara. Masultani wa Unguja waliotoka Omani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, ambao hawapendi kupamba misikiti yao. Hivyo ungeweza kupita ukutani mwa msikiti ukadhani ni nyumba ya mtu, mpaka uone viatu vingi mlangoni.

Nilipita mlango mmoja mara tatu. Mara ya tatu nikaona wazee wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba. Nikawaambia, ‘Msikiti wenye mnara uko wapi?’

Mmoja wao, aliyevaa kanzu na kofia ya viua, akanitazama, akasema taratibu, ‘Asalaam aleikum, bwana.’

Nilishikwa na aibu. Huku kwetu mtu akikuta wazee wamekaa, haanzi na haja yake. Anasalimia, anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, ndipo aseme lililomleta. Mimi nilikuwa nimeacha adabu yangu bandarini kwa hofu ya kupotea. Nikavua kofia, nikaanza upya, nikawaamkia mmoja mmoja. Wakanisogezea nafasi, nikapewa kikombe kidogo cha kahawa chungu. Tukazungumza mpaka kahawa ikaisha. Kisha mzee yule akainuka mwenyewe, akasema, ‘Twende, bwana. Adhuhuri i karibu, nami nakwenda huko huko kuswali.’

Tukapinda kushoto, tukapinda kulia, tukatokea mahali penye mwanga, na mnara ukawa mbele yangu.

Nitaueleza kama nilivyouona. Ni wa mviringo, umepakwa chokaa, mpana chini na mwembamba juu, kama baba alivyosema. Umezungukwa na mapambo ya mistari iliyovunjika pembe, namna ya meno ya msumeno, safu mbili mbili. Minara ya umbo hilo ni michache sana katika pwani yetu. Mwingine uko Shela, kisiwani Lamu, katika msikiti wa mwaka 1829. Msikiti huu wa Malindi ni wa Wasuni na ni katika misikiti ya kale kabisa ya mji wa Unguja. Si mkubwa. Nilikuwa nimejiwekea moyoni mnara unaogusa mawingu, maana mtoto akisimuliwa na baba yake hukuza kila kitu. Huu ni mnara wa kiasi, unapendeza, nyumba za jirani karibu ziufunike.

Mimi si Mwislamu, nikamwambia mzee wazi wazi, kwa kuogopa kukosea. Akasema, ‘Basi kaa barazani hapa, tazama utakavyo. Mnara ni wa macho ya kila mtu.’ Adhana ikalia. Wakaja wachuuzi, wenye maduka, vijana wa bandarini wenye vumbi miguuni, wakavua viatu, wakatawadha, wakaingia. Niliwatazama zaidi wale wa bandarini. Walikuwa na umri aliokuwa nao baba.

Wakati nangoja, nilitazama mlango wa nyumba moja jirani. Milango ya Unguja ni ya mbao nzito zilizochongwa maua na minyororo, na juu yake aghalabu kuna maandishi. Nikasogea ili niyasome. Yalikuwa ya Kiarabu. Nikasimama pale kama nilivyokuwa nikisimama zamani mbele ya ubao wa kliniki, macho yanaona na kichwa hakipati kitu.

Mtoto wa miaka tisa au kumi, ametoka chuoni na juzuu yake kwapani, akasimama karibu yangu. Akaniuliza, ‘Babu, hujui kusoma?’

Hakuwa na ubaya. Lakini swali hilo lilikuwa halijaniuliza mtu kwa miaka kumi na mitatu. Nikamwambia, ‘Mjukuu wangu, najua herufi nyingine. Hizi sizijui. Nisomee.’ Akanisomea kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, jina la Mwenyezi Mungu kwanza, kisha tarakimu. Akasema, ‘Elfu moja na mia tatu na mbili.’

Hapo nilistuka, maana niliielewa. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia, elfu: haya yote ni maneno ya asili ya Kiarabu, na sisi huyasema kila siku tukinunua chumvi. Tarakimu zenyewe hazifanani na zetu. Moja ni kijiti, kama yetu. Lakini sifuri yao ni nukta, na tano yao ni duara, kwa hiyo mtu asiyejua atasoma tano akidhani ni sifuri. Hata hivyo hizi tunazoziandika sisi, 1, 2, 3, Wazungu walizipata kwa Waarabu, na Waarabu walizipata Bara Hindi. Tena kwa karne nyingi Kiswahili hiki hiki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua, mashairi na hesabu za biashara. Baadaye serikali za kikoloni zikashika herufi za Kirumi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu Kiswahili, msingi wake ukiwa Kiswahili cha Unguja. Nadhani kulikuwa na wazee waliolala wanajua kusoma, wakaamka wanaambiwa hawajui.

Mzee wangu akatoka kuswali. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nimeupata mwaka wa nyumba ile. Nilijua Waislamu wanahesabu miaka tangu Mtume alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622, nikajumlisha: 1302 na 622 ni 1924. ‘Nyumba hii ni ya mwaka 1924,’ nikasema.

Mzee akatabasamu. ‘Hesabu yako nzuri, bwana, lakini mwaka wetu ni mfupi.’ Akaketi akanieleza. Sasa shikeni kalamu.

Mwaka wa Hijra unafuata mwezi, haufuati jua. Una siku 354 au 355, yaani umepungua siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Upungufu huo ukikusanyika, miaka 33 ya Hijra huwa sawa na miaka 32 ya kalenda yetu. Kwa hiyo kwanza gawanyeni mwaka wa Hijra kwa 33. Gawanyeni 1302 kwa 33, mtapata 39, na baki mliache. Toeni 39 katika 1302, inabaki 1263. Ndipo mjumlishe 622. Jawabu ni 1885. Nyumba ile ni ya mwaka 1884 au 1885, wakati wa Sultani Barghash, yule aliyejenga jumba la Beit al Ajaib mwaka 1883. Mimi nilikuwa nimekosea kwa miaka karibu arobaini.

Maana yake, baba alipopita njia ile na gunia begani, mlango ule ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini. Nikamwuliza mzee kama anakumbuka makuli wa Kisukuma wa wakati ule. Akafikiri, akasema, ‘Makuli walikuwa wengi, bwana. Wasukuma, Wanyamwezi, Wamakonde, na wengineo. Sisi watoto tuliwaita wote watu wa bara.’ Hakusema zaidi, nami sikumsukuma.

Nilikuwa na daftari mfukoni. Nikamtajia yule mtoto jina la baba yangu, nikamwomba aliandike kwa herufi zake. Akaniuliza mara mbili jinsi linavyotamkwa, maana jina la Kisukuma lina sauti ambazo hazimo chuoni mwao, kisha akaliandika polepole ulimi nje, kuanzia kulia. Baba hakupata kuliona jina lake limeandikwa naye mwenyewe kwa herufi yoyote. Ukurasa ule ninao hapa mezani.

Muda ukawa umekwenda. Mzee alitaka kunipeleka bandarini, nikamshukuru, nikamwambia niache nijaribu. Safari hii nilifanya kama baba: niliugeuzia mnara kisogo, nikahesabu pembe nilizopinda. Nilipita Forodhani kwa haraka, nikaiona Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba mwaka 2020, nikarudi kwa njia ya ufukoni mpaka Malindi. Nilifika langoni saa tisa kasorobo. Tiketi ilisema kumi na sita, nami nikatoa sita.

Usiku nilipofika kwa binti yangu, aliniuliza kama nilipotea. Nikamwambia nilipotea sana.

Sasa, ndugu wanafunzi, kazi yenu ya juma hili. Kusini ya kisiwa cha Unguja, mahali panapoitwa Kizimkazi, kuna msikiti wa kale zaidi kuliko huo wa mjini. Ndani yake, katika kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya namna inayoitwa Kufi, yaliyochongwa kwenye jiwe, na yanataja mwaka 500 wa Hijra. Ni katika maandishi ya kale kabisa yaliyo na tarehe katika Afrika ya Mashariki yote. Tafuteni ni mwaka gani wa kalenda yetu. Gawanyeni kwa 33, baki iacheni, toeni, kisha jumlisheni 622. Yule mkwe wangu amekwisha kuifanya, naye amepata 1107. Someni hesabu yenu kwa sauti mbele ya darasa, na asiyepata kama yeye arudie kugawanya, maana hapo ndipo wengi tunapokosea.

Kwaherini.